Mtoto mwenye mzio wa chakula katika jiko la Kusini: nini kitoke, nini kibaki

Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, karanga na korosho zimo ndani ya mboga yenyewe. Karanga zilizotwangwa ndizo zinazounga kisamvu, mchicha na samaki mkavu. Vipande vya korosho vinavyovunjika wakati wa kubangua huishia kwenye sufuria au kwenye uji wa mtoto. Ufuta wa Kilwa, Nachingwea na Ruangwa unaingia kwenye kashata na mikate. Dagaa na soya husagwa pamoja na mahindi ukapatikana unga wa lishe. Kwa hiyo mzazi wa Newala au Lindi mjini anayeambiwa kwamba mwanawe asile karanga, ameambiwa abadilishe karibu kila sufuria inayopanda jikoni kwake. Mara nyingi anaambiwa hivyo kwa sentensi moja, amesimama mlangoni, na mgonjwa mwingine ameshaitwa.

Sentensi hiyo haitoshi, na familia huipokea kwa namna mbili ambazo zote zinamuumiza mtoto. Kuna wanaoogopa kila kitu. Wanaondoa karanga, korosho, mayai, samaki, maziwa na maharage kwa mpigo, mtoto anabaki na ugali na mchicha wa maji na chumvi, na baada ya miezi michache mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unaanza kuinama. Na kuna wanaopunguza tu. Mboga imeungwa karanga, basi mtoto anachotewa mchuzi wa juu na kuambiwa asile zile chembe. Korosho zinaokotwa kutoka kwenye wali, halafu wali unaliwa.

Mtoto mwenye mzio anahitaji kinyume cha yote mawili. Chakula ambacho hakijathibitika kumdhuru kibaki sahanini. Kilichothibitika kitoke chote, na mchuzi wake, mafuta yake na mabaki yake kwenye kinu. Na pengo lake lizibwe siku hiyohiyo, kwa sababu nchi hii haina mtoto wa kumpunguzia chakula bila sababu: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Si kila anayevimba ana mzio

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kazi ya kinga ya mwili. Kwa sababu ambazo nyingine ni za kurithi na nyingine za mazingira, kinga ya mtoto hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya chakula ambacho watoto wengine wanakila bila shida. Kingamwili hizo zinaitwa IgE. Zikishatengenezwa zinakaa zimejishika kwenye seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini, na siku protini ileile inaporudi, seli hizo zinaimwaga. Ndipo midomo inapovimba, mwili unatoka mabaka ya kuwasha, mtoto anatapika, anakohoa, kifua kinabana. Haya hutokea ndani ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Jambo hilo la muda ni muhimu sana. Mtoto aliyekula korosho Jumatatu asubuhi na kutoka mabaka ya ghafla Jumatano usiku, korosho ile si ya kulaumiwa.

Upo pia mzio wa aina nyingine, usiopitia IgE, ambao huchelewa. Mtoto mchanga anayeanza kutoa choo chenye damu baada ya kuanzishiwa maziwa ya ng'ombe, au anayetapika mfululizo saa mbili au tatu baada ya chakula fulani mpaka analegea, anaweza kuwa nao. Huo hauonekani kwenye vipimo vya kawaida vya mzio. Unagunduliwa kwa kuondoa chakula na kukirudisha chini ya uangalizi.

Sasa yako mambo mengine yanayofanana na mzio na si mzio, na ukanda wetu una mengi kuliko sehemu nyingine za nchi.

La kwanza ni ganda la korosho. Ndani ya ganda kuna mafuta makali, meusi, yanayounguza ngozi, na akina mama wanaobangua kwa mkono wanayajua vizuri. Ndiyo maana hupaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kazi. Mtoto anayechezea korosho mbichi msimu wa mavuno anaweza kutoka malengelenge mikononi na kuzunguka mdomo. Hata punje iliyobanguliwa vibaya, ikabaki na mafuta ya ganda, inaweza kumtoa vidonda vya midomo. Huo ni muwasho wa ngozi unaochelewa, wa saa nyingi au siku mbili hivi, na hautokani na protini ya punje. Embe, ambalo ni ndugu wa mkorosho kwa ukoo wa mimea, hufanya vivyo hivyo kwa utomvu wa ganda lake: mtoto anamenya kwa meno, kesho yake pembe za mdomo zina vipele. Akimenyewa embe hilohilo kwa kisu na kuoshwa, wengi wao wanalila vizuri. Kumnyima mtoto maembe msimu mzima kwa sababu ya vipele vya utomvu ni kumnyima vitamini A bure.

La pili ni samaki aliyekaa juani. Jodari, vibua, nguru na dagaa wana kitu katika nyama yao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini pale samaki anapokosa barafu. Ni histamini ileile inayomwagwa na mwili wakati wa mzio, safari hii imekuja tayari ndani ya samaki. Uso unakuwa mwekundu na wa moto, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha, na mlaji anahisi samaki ana ukali kama wa pilipili. Kupika hakuiondoi histamini hiyo. Kukaanga hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, limau haliiondoi. Njia ya kutofautisha ni kuangalia sinia zima: kama waliokula samaki yule ni watano na watatu wamewashwa, tatizo ni samaki. Kama ni mtoto mmoja tu, na amewahi kuwashwa na changu freshi aliyetoka majini asubuhi ile, hapo fikiria mzio. Nimesikia watoto wakikatazwa samaki maisha yao yote kwa ajili ya vibua wa jioni moja, na watoto hao wanaishi Mikindani na Kilwa Kivinje, ambako samaki ndiye protini ya karibu na ya bei inayofikika.

La tatu ni tumbo lisilomudu sukari ya maziwa. Mtoto au mtu mzima anajaa gesi, anaharisha, tumbo linanguruma. Hakuna kuvimba midomo, hakuna kubanwa kifua. Huyo kiasi kidogo cha maziwa au mtindi anaweza kukimudu. Mwenye mzio wa maziwa hawezi.

Daftari kwanza, kipimo baadaye

Kumjua mkosaji ni kazi ya uchunguzi, na mchunguzi mkuu ni anayepika. Kipimo cha ngozi na cha damu vipo katika hospitali kubwa, lakini hata ukivipata vinahitaji historia nzuri ili viwe na maana. Watafiti waliopima watoto wa shule nchini Ghana walikuta wengi wana IgE dhidi ya karanga katika damu, na bado wanakula karanga bila tatizo lolote. Kingamwili hizo zilihusishwa na kichocho: kinga iliyoamshwa na minyoo ya kichocho ilikuwa inashika pia sukari fulani zilizomo kwenye karanga, bila kuleta ugonjwa. Kichocho kipo Mtwara na Lindi. Kwa hiyo karatasi ya maabara inayosema ndiyo, kwa mtoto ambaye amekula mboga ya karanga tangu anaanza kutambaa, isitumike kumfungia chakula hicho kabla ya daktari kusikiliza historia yote.

Historia hiyo iandikwe. Daftari la shule linatosha: alikula nini, kilipikwa vipi na kwa mafuta gani, saa ngapi, nini kilitokea, baada ya dakika ngapi, kilidumu kwa muda gani, na je, amewahi kukila kabla bila shida. Picha ya mabaka iliyopigwa kwa simu inamsaidia daktari kuliko maelezo ya wiki iliyopita, maana mabaka ya mzio hupotea na mtoto hufika kituoni ngozi ikiwa safi.

Unga wa lishe ndio unaovuruga uchunguzi huu kuliko kitu kingine. Mahindi, ulezi, karanga, soya, mchele, wengine wanaongeza dagaa, korosho, mbegu za maboga. Vyote vinasagwa pamoja, mtoto anavimba, na hakuna anayeweza kusema ni kipi. Ushauri wangu kwa mama mwenye mtoto wa miezi sita ni kuanza na uji wa nafaka moja, kisha kuongeza kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja, asubuhi na si usiku, na kusubiri siku mbili tatu kabla ya kingine. Uji unakuwa uleule wenye rutuba mwisho wa mwezi, lakini kila kilichomo kinajulikana.

Kwa mtoto ambaye dalili zake zinachelewa na hazieleweki, daktari anaweza kushauri kuondoa chakula kimoja kinachoshukiwa kwa wiki mbili hadi nne na kukirudisha ili kuona. Kirudishwe kweli. Familia nyingi zinaona mtoto ametulia, zinasahau sehemu ya pili, na chakula kinabaki kimefungiwa kwa miaka pasipo uthibitisho. Lakini mtoto aliyewahi kuvimba, kubanwa pumzi au kulegea ndani ya dakika chache baada ya kula, huyo asijaribiwe nyumbani hata kwa kulambishwa.

Kutoka kwa karanga, kuingia kwa nini?

Tuseme imethibitika ni karanga. Swali la kwanza la mama huwa ni kuhusu mbaazi, kunde, choroko na maharage, kwa kuwa karanga nayo ni jamii ya kunde. Wengi wa watoto wenye mzio wa karanga wanakula mikunde mingine bila shida yoyote, hata pale kipimo kinapoonyesha kufanana. Asiondolewe mbaazi anayoizoea. Soya na njugu mawe, kama hajawahi kula, zianzwe kwa tahadhari na kwa ushauri wa kliniki. Nazi haina neno kwa walio wengi. Mzio wa nazi ni wa nadra, hata kwa wenye mzio wa korosho. Hili ni jambo kubwa la kushukuru katika jiko la pwani.

Hapo ndipo hesabu ya lishe inapoingia, na ndipo wengi wanapokosea. Gramu 100 za karanga zina protini karibu gramu 25 na mafuta karibu gramu 50. Mbaazi kavu za uzito huohuo zina protini ya kutosha, kama gramu 22, lakini mafuta hayafiki hata gramu 2. Mama anayetoa karanga kwenye kisamvu na kuweka mbaazi pembeni amerudisha protini na kupoteza nishati. Tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo. Bila mafuta hawezi kula ugali mwingi kiasi cha kufidia. Basi kisamvu kiungwe kwa tui zito la nazi, na mbaazi zichemshwe kwa tui pia. Uji upewe kijiko cha mafuta ya alizeti au tui badala ya karanga.

Mbegu za maboga ndizo zinazokaribia karanga kuliko chochote: protini yake ni kama gramu 30 kwa gramu 100, na mafuta yanakaribiana na ya karanga. Zikikaangwa kavu, zikatwangwa laini na kuungwa kwenye mchicha au matembele, mboga inapata uzito na harufu ambayo hata wakubwa wataomba tena. Bibi wengi wa huku walikuwa wakiziungia mboga zamani. Nazo ni chakula chenye protini, kwa hiyo zianzwe kidogo kidogo kama kitu kipya, na zitwangwe katika kinu ambacho hakijaona karanga.

Korosho ni mkali zaidi. Mzio wake unaweza kuamshwa na kiasi kidogo kuliko kipande kinachobaki chini ya ukucha, na protini yake kuu haivunjwi na kukaanga wala kuchemsha. Mwenye mzio wa korosho aepuke pia pistachio, punje ya kijani iliyo ndugu wa korosho, maana protini zao zinafanana sana. Zote mbili zinaweza kujificha kwenye aiskrimu na halua ya dukani. Bibo, lile tunda la mkorosho, linaning'inia na korosho nchani mwake, na utomvu humwagikia tunda. Daktari aseme kwanza ndipo mtoto alionje, pamoja na juisi yake.

Ufuta una mtego wake wa mafuta. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani huwa yamepoteza karibu protini yote, lakini yale yanayokamuliwa kwa mashine ndogo mtaani, yenye rangi na harufu, yamebaki nayo. Hayo yasipikiwe mtoto mwenye mzio wa ufuta. Marekani iliuingiza ufuta katika orodha ya vizio vikuu 9 vinavyolazimika kutajwa kwenye vifungashio kuanzia tarehe 1 Januari 2023.

Samaki na kamba ni mizio miwili tofauti. Mtoto anayevimba kwa kamba au kaa mara nyingi anamla changu bila shida, na wa changu anaweza kumla kamba. Pweza na ngisi ni kundi jingine tena. Lakini protini zao zote hazihofii moto, na kwa mwenye mzio mkali hata mvuke wa sufuria ya samaki inayochemka unaweza kumkohoza, hivyo akae mbali na jiko. Mtoto aliyeondolewa samaki na dagaa amepoteza pia madini ya chokaa yaliyomo kwenye mifupa ya dagaa; mlonge, matembele, maziwa kama anayamudu, na yai vichukue nafasi.

Maziwa nitayapitia haraka. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na mtoto anayedhuriwa na moja hudhuriwa na jingine karibu kila mara. Maziwa ya mama yaendelee. Mama aache maziwa ya ng'ombe kwenye chakula chake pale tu mtoto anayenyonya anapoonyesha dalili na daktari amekubali. Na kwa mwenye mzio wa yai, chanjo ya surua na rubela ni salama, asikoseshwe.

Kinu, mashine na sinia

Sufuria ya bati ikisuguliwa kwa maji na sabuni inatakata. Kinu cha mti hakitakati. Nyufa zake zinashika mafuta na unga wa karanga wa miaka, na unachotwanga leo kinabeba cha jana. Nyumba yenye mtoto wa mzio inunue kinu kidogo na mchi wake, viwekwe alama, visikopeshwe. Vivyo hivyo kwa mwiko wa mbao na kung'uto la kuchujia tui, kama liliwahi kuchuja maji ya karanga. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Sanitaiza haiondoi protini, na kujipangusa kwa khanga kunaihamisha tu.

Mashine ya kusaga ya mtaani ni hatari isiyoonekana. Aliyetangulia amesaga lishe yenye karanga, wewe unamimina mahindi ya mtoto, na kilo ya kwanza inatoka na vumbi lake. Nenda asubuhi mashine haijaanza, au saga debe lako la sembe la watu wazima kwanza, halafu la mtoto. Mwenye mashine akielezwa sababu kwa utulivu huwa anakubali. Mafuta ya kukaangia nayo yana kumbukumbu: karai la barabarani linalokaanga samaki mchana na mihogo jioni haliwezi kumlisha mtoto mwenye mzio wa samaki. Muhogo wa kuchemsha, ming'oko (viazi vya porini) na viazi vitamu vinavyochemshwa kwa maji matupu ni vitafunio salama zaidi kumnunulia stendi.

Na sinia. Watoto wetu wanakula pamoja, mkono kwa mkono, na jirani hamwachi mtoto wa mwenzake akitazama. Ni desturi nzuri na sitaki mtoto yeyote atengwe nayo. Njia iliyo bora ni familia nzima kula chakula kilekile kisicho na kile kinachomdhuru mtoto pale anapokuwapo, na wanaotaka mboga ya karanga wapikiwe siku yeye hayupo. Isipowezekana, apakuliwe yeye kwanza, kabla mwiko haujaingia kwenye sufuria nyingine.

Bibi ndiye wa kuelewa kabla ya wote, maana ndiye anayebaki na mtoto. Asikemewe, amelea wengi kwa mboga hizohizo na hakuna aliyevimba. Aonyeshwe picha za ile siku. "Mama, hizi ni dakika kumi baada ya kashata" ni maneno yanayofanya kazi kuliko somo la kinga ya mwili. Na katika jamii zetu za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambako ukoo unahesabiwa kwa mama, mjomba akishalielewa jambo na kulisema, ukoo mzima unalishika. Mtumieni.

Idd, maulidi na harusi zipangiwe mapema: mtoto ale nyumbani ashibe, abebe chake. Jando linahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu mtoto anakaa kumbini bila mama yake na analishwa na wengine. Kabla hajaingia, wanaomtunza waambiwe kwa jina la chakula, waambiwe dalili, na waambiwe kwamba siku hiyo hakuna kungoja. Atolewe apelekwe hospitali.

Dakika zile

Mabaka machache na muwasho wa midomo kwa mtoto anayecheza kama kawaida, dawa kama setirizini au Piriton kwa kipimo cha umri wake hutuliza. Lakini akianza kukohoa mfululizo, sauti ikakauka, pumzi ikatoa mlio, ulimi ukavimba, akatapika huku mwili umetoka mabaka, au akalegea na kupauka, huo ni mshtuko wa mzio na dawa yake ni moja: sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Piriton haiwezi kuuzuia. Maziwa, madafu, mafuta ya kula na mkaa havifai kitu, na kumtapisha kunaweza kumkaba. Adrenalini ni dawa ya bei nafuu, na ndiyo dawa ya dharura ya kuuliza unapofika. Mzazi anayesema mlangoni "mtoto ana aleji ya korosho, kifua kimebana, anahitaji adrenalini" anaokoa dakika nyingi za maelezo.

Njiani alazwe miguu juu, isipokuwa anapobanwa pumzi, hapo akae ameegemea. Asisimamishwe wala kutembezwa, maana shinikizo la damu likishuka kusimama ghafla kunaweza kumwua. Bajaji au gari ni bora kuliko bodaboda. Akishapona palepale asirudishwe nyumbani haraka. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hivyo aangaliwe kituoni. Muulize mganga wa kituo chako leo, mtoto akiwa mzima, kama adrenalini ipo na nani anashika ufunguo wa kabati usiku.

Mdogo wake je?

Mama mwenye mtoto mmoja wa mzio hushawishika kumkinga anayefuata kwa kutompa karanga kabisa. Huko nyuma hata madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali (ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha) au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga laini tangu uchanga, nusu walizuiwa. Walipofika miaka 5, waliozuiwa waliopata mzio wa karanga walikuwa kama asilimia 17. Waliolishwa, asilimia 3 tu. Ushauri ukageuka. Uji wenye karanga zilizosagwa laini, ambao mama wa Masasi anampa mtoto wa miezi sita saba, unamsaidia mtoto wake, na uendelee kila wiki. Karanga nzima hapana, zinakaba. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza, na ngozi yake iliyopasuka isipakwe mafuta ya karanga wala ya ufuta, kwa kuwa protini inayoingia kupitia ngozi mbovu huielekeza kinga kwenye mzio, tofauti na ile inayopita tumboni.

Tatizo lipo pale mdogo anapotakiwa kula kile ambacho kaka yake hawezi kukisogelea. Alishwe saa kaka yuko shule au madrasa, kwa kikombe na kijiko chake, na anayemlisha anawe kwa sabuni.

Mzio wa maziwa na yai huwaacha watoto wengi wanapokua, na wengi wao huanza kumudu yai lililookwa ndani ya keki kabla ya yai la kukaanga. Wa karanga huisha kwa kama mtoto mmoja kati ya watano, wa korosho na jamii yake kwa kama mmoja kati ya kumi, wa samaki na kamba mara chache. Kwa hiyo mtoto arudishwe kwa daktari kila mwaka au miwili akaangaliwe upya, daftari mkononi. Kama ni wakati wa kujaribu, ajaribiwe hospitalini, penye adrenalini mezani, na akifaulu, chakula hicho kirudi kwenye sufuria ya nyumbani na kiliwe mara kwa mara.